Gari Lililokataa Ufunguo wa Mwanamke

Ndani ya gari la mjukuu wangu yumo ng'ombe wangu. Watu wakinisikia nikisema hivyo hucheka, lakini ndiyo ukweli. Alipokuwa anatafuta gari la kufanyia kazi, akiba yake ya kupikia wachimbaji wa almasi pale Maganzo ilifika mahali ikagota, nami nikamtoa yule ng'ombe mwenye pembe moja iliyolala, wa mwisho kubaki zizini. Kwa hiyo gari hilo likiegeshwa uani kwangu Ngokolo, jeupe, dogo, taa zake kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, wengine wanaona gari. Mimi naona ng'ombe.

Niseme na hili mapema. Majina ya watu hayanipotei. Shule niliishia darasa la nne, lakini niliyekaa naye dawati moja namjua jina lake, la baba yake, na la mbwa wao aliyekuwa anatufukuza njiani. Hapa sitaandika jina la mtu hata mmoja. Wengi wao wapo hai, na kuna mmoja akijisoma humu hatanisalimia tena.

Gari lenyewe halina tundu la ufunguo. Lina kitufe pembeni ya usukani. Ufunguo wake ni kijidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti, unakuwa nacho tu, mfukoni au kwenye mkoba. Unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, linanguruma. Siku ya kwanza nilimuuliza mjukuu wangu, "Sasa linakujuaje kwamba ni wewe? Linakunusa kama mbwa?"

"Mawimbi, Bibi. Ufunguo unaongea na gari. Kama redio inavyoongea na mnara."

"Haya, mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu yuko mgongoni mwangu. "Mradi lisijifunze kutusengenya."

Kazi aliipata upande wa Geita. Alihamia Buseresere kwa mdogo wangu, bibi yake mdogo, mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo laini. Huko akaajiriwa na bosi mmoja wa dhahabu mwenye maduara mawili porini. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Kila asubuhi alimpeleka bosi kwenye maduara yake, jioni akamrudisha. Kazi nzuri, ya kila siku, ya mtu anayelipa bila kuzungushana. Mimi huku Ngokolo nikawa natembea kifua mbele. Nikipita sokoni naulizwa, "Ng'ombe wako hajambo?" Najibu, "Anakula barabara tu, anashiba."

Kisha jioni moja simu ikaita.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona sauti imelala?"

"Gari limeanza kukataa."

"Kukataa nini?"

"Ufunguo. Nabonyeza, linaniandikia Kijapani na picha ya ufunguo wenye mstari wa kukatwa. Halafu msimamizi wa duara akiuchukua yeye, linawaka. Imetokea hivyo mara mbili, Bibi. Mbele ya watu."

Nilishajua kinachofuata. Machimboni huko wanaume wana imani yao, kwamba mwanamke akisogelea duara, dhahabu inashuka chini, inakimbia. Hata akina mama wanaowapikia hukaa mbali, nyuma ya miti. Mjukuu wangu alikubaliwa kwa sababu anabaki kwenye gari.

"Wanasema gari limeshajua ni dhahabu ya wanaume," akaendelea. "Bosi kaniambia Jumamosi anapeleka wenzake kuona duara jipya, lile la pili. Likigoma siku hiyo, anatafuta gari la dereva mwanaume. Na si kwa ubaya, Bibi, kaniambia kwa upole kabisa."

Upole ndio ulionikasirisha. Mtu akikutukana unamjibu. Akikufukuza kwa upole utamjibu nini? Nikafunga mzigo wangu: kanga mbili, dawa ya mguu, na redio yangu ndogo. Alfajiri nilikuwa kwenye basi.

*

Mdogo wangu alinipokea barabarani kwa kelele zake. "Umekuja kuwasha gari kwa fimbo?"

"Nimekuja kumwangalia ng'ombe wangu."

Tulikaa barazani, watatu, mkeka mmoja. Mjukuu wangu alikuwa ameshampigia simu yule aliyemuuzia gari, akaambiwa aanze na betri ya ufunguo, kwani ikichoka ufunguo unanong'ona badala ya kusema. Hilo nililielewa mara moja. Redio yangu nayo betri zikiisha inanong'ona.

Kwanza alitelezesha kikufuli kidogo ubavuni, kikatoka kiufunguo cha chuma, chembamba, kilichokuwa kimejificha ndani.

"Alaa! Ufunguo una mimba!" mdogo wangu akasema.

"Hicho ni cha kufungulia mlango siku ufunguo ukifa kabisa, Bibi."

Pale kiufunguo kilipotoka palibaki upenyo. Akaingiza ncha ya kisu cha mezani, nilichokizungushia pindo la kanga kisichubue, akapinda taratibu. Ta! Kijidude kikafunguka vipande viwili kama kunde. Ndani imelala betri bapa, ya mviringo, inang'aa kama sarafu mpya. Akaibandua kwa ukucha, akaitia kwenye leso, akaenda nayo kwa fundi saa wa sokoni.

Alirudi na nyingine. Akaipachika. Tukabonyeza, kitaa chekundu cha ufunguo kikabaki kimelala. Tukageuza upande, wapi.

"Imekuwa nyembamba," mdogo wangu akasema kwa ujuzi mkubwa. "Weka karatasi ya pakiti ya sigara chini yake, ile inayong'aa. Tochi yangu mwaka wa pili huu inakwenda kwa karatasi ya sigara."

"Bibi, hii siyo tochi."

"Umeme ni umeme."

"Jumamosi ikifika karatasi ikahama, mimi ndiye nitakayehama!"

Mdogo wangu akacheka mpaka akajipangusa macho. Lakini kuhusu wembamba alikuwa amesema kweli. Tuliziweka betri mbili bega kwa bega juu ya mkeka, ya zamani na mpya, tukaona kwa macho: upana sawa, unene mbalimbali. Namba zake zilianza kufanana, mwishoni zikaachana. Safari hii nilikwenda naye mwenyewe kwa fundi saa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetupa mdogo mtu, sisi tunamtaka kaka yake."

Akatazama namba, akajipiga paji la uso, akatutolea iliyo sawa. Akatuonya tuishike kwa pembeni, tusiipake jasho la vidole, na ule upande wenye alama ya kujumlisha ulale kama ulivyolala wa zamani. Tukarudi. Mjukuu wangu akaipangusa kwa kitambaa kikavu, akaitia, akabana vipande viwili vikasema ta! Akabonyeza.

Kitaa chekundu kikakonyeza. Gari kule uani likajibu, kwi-kwi, taa zikawaka zikazima.

Mdogo wangu alipiga kigelegele, jirani akatokeza kichwa kuuliza nani kaolewa.

Jioni hiyo tuliliwasha na kulizima mpaka mjukuu wangu akasema tunamaliza mafuta. Kila mara liliitika. Nilienda kulala nikijua kesho yake ni Jumamosi na sina wasiwasi.

*

Hata hivyo nilitaka kwenda. Bosi alipokuja asubuhi nilikuwa tayari nimekaa kiti cha nyuma.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. Mtu mnene, mpole kweli, umri wa mwanangu wa pili.

"Mwangaluka, ng'wanawane," nikamwitikia kama mwanangu. "Mimi leo ni mzigo. Hata usinihesabu."

Akacheka, akakaa mbele na mifuko yake. Mjukuu wangu alikuwa amevaa gauni lake zuri la kitenge, kwa ajili ya wageni. Gauni halina mfuko, kwa hiyo ufunguo uliingia mkobani, na mkoba akautundika pale anapoutundika siku zote, nyuma ya kiti chake. Ukawa unaning'inia mbele ya magoti yangu.

Tulisimama kituo cha mafuta, likazimwa, likawashwa. Tulisimama kuchukua maji, likazimwa, likawashwa. Kila likiwaka mjukuu wangu alinitazama kwenye kioo, nami namkonyeza.

Kwenye duara la kwanza hakuzima hata injini. Bosi alishuka, akarudi na detekta yake, ile mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, yenye fimbo ndefu na sahani ya duara mwishoni. Akailaza kwa nyuma, sakafuni, karibu na miguu yangu, sahani ikaegemea mgongo wa kiti cha dereva. Vile vya kuvaa masikioni vilikuwa vimechomekwa, haitoi hata mlio. Nyuma yetu likafuata gari la wenzake. Tukaondoka.

Ilikuwa inakaribia saa ya salamu. Kipindi hicho sikikosi. Watu wanasalimia ndugu zao kwa majina, kijiji kwa kijiji, na mimi wasalimiaji wote nawajua kama watoto wangu: yupi kaoa, yupi kahama, yupi amenyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kumuombea. Kule porini stesheni za FM hazifiki, nikahamia masafa ya kati. Badala ya salamu ikatoka kelele. Krrr, krrr, kama mahindi yanayokaangwa kwenye chungu. Nikageuza redio huku, nikageuza kule. Krrr. Nikalaumu milima.

Duara jipya tulikuta watu wengi. Wageni wakashuka, bosi akawatembeza, mjukuu wangu akazima gari akakaa ndani kama desturi. Wakamaliza. Bosi akarudi na wageni wake, akafungua mlango, akakaa. "Twende, dereva."

Akakanyaga breki. Akabonyeza.

Kijapani.

Akabonyeza tena. Ile picha ya ufunguo na mstari wake.

Mimi moyo ulishuka mpaka kwenye malapa. Betri ni mpya! Nimeiona kwa macho yangu!

"Eee, limeanza!" mchimbaji mmoja akapiga kelele kutoka kwenye lundo la udongo. "Mtoeni mama wa watu, dhahabu ina wivu!"

"Mpeni mwanaume ufunguo!"

"Na leo kaleta na bibi yake! Wawili! Mtachimba mpaka mtokee upande wa pili!"

Mjukuu wangu alishuka ili achukue mkoba, na msimamizi wa duara, mwanaume wa makamo mwenye kofia ya sufu juani, alikuwa ameshafika. Akachomoa ufunguo mkobani, akautumbukiza mfuko wa suruali, akakaa kwenye usukani kama mwenye mali. Akabonyeza.

Likawaka.

Wacha wapige makofi! Msimamizi akazima, akashuka, akainama kama anatunzwa kwenye harusi. Bosi alishuka, akazunguka, akaja dirishani kwangu, akasema kwa ule upole wake, "Mayu, umejionea. Mjukuu wako ni binti mzuri. Lakini watu hawa wakishaamini kitu hawachimbi. Leo ndiyo mwisho."

Sikuweza kukaa. Nilishuka na redio yangu ikikoroma mkononi, nikasogea pembeni nisiwaone wanavyocheka. Hatua chache tu. Na redio ikanyamaza kukoroma. Sauti ya mtangazaji ikatoka safi kabisa, anasoma salamu za yule mama wa Ushirombo anayesalimia paroko wake kila wiki.

Nikasimama. Nikageuka. Nikarudi kuelekea garini, krrr. Nikatoka, mama wa Ushirombo. Nikarudi, nikaingiza redio kupitia mlango ulio wazi, krrrrrr! Nikaishusha karibu na ile sahani ya detekta, ikapiga kelele mpaka mgeni mmoja akaruka.

"Hii mashine imewashwa?" nikauliza.

"Imewashwa, mayu," bosi akasema. "Huwa siizimi. Nimeshaizoesha udongo wa huku, nikiizima inabidi nianze upya."

"Huwa unakuja nayo hivi hivi? Imelala hapa?"

"Siku nikija nayo, ndiyo."

Nikamwita mjukuu wangu. "Mke mwenzangu! Uliniambia ufunguo na gari vinaongeaje?"

Alikuwa anajifuta machozi na mkono wa gauni. "Kwa mawimbi, Bibi. Kama…" Alitazama redio. Akatazama detekta. Akatazama mkoba wake, unaning'inia palepale juu ya sahani. Niliona uso wake unavyobadilika, na ule uso nitakufa nao.

"Bosi," akasema, na sauti ilikuwa nyingine. "Naomba dakika moja tu. Msimamizi, kaka yangu, rudisha ufunguo kwenye mkoba."

"Wa nini tena?"

"Rudisha. Mkoba uache hapohapo unaponing'inia. Halafu ukae wewe kwenye usukani. Wewe mwanaume. Uwashe."

Msimamizi akacheka. Akarudisha ufunguo mkobani, akakaa, akavuta kofia, akabonyeza.

Kijapani.

Akabonyeza tena kwa nguvu, kama ni kitufe kilichokosea. Picha ya ufunguo, na mstari.

Halafu yuleyule aliyesema dhahabu ina wivu akapaza sauti kutoka kwenye udongo: "Jamani! Msimamizi amekuwa mwanamke!"

Watu walianguka. Mmoja alikaa chini kabisa akajishika mbavu. "Mvueni kofia tumsuke!" Msimamizi mwenyewe mwanzoni alikunja uso, kisha akashindwa, akaweka paji la uso kwenye usukani akawa anacheka mabega yanaruka.

"Sasa bosi," mjukuu wangu akasema, "zima mashine yako. Nakuomba."

Bosi aliishika ile detekta kama mtu anayeambiwa amwamshe mtoto mgonjwa. Akaitazama. Akaizima. Redio mkononi mwangu ikawa safi palepale, mtangazaji akaendelea na majina yake.

Mjukuu wangu akamtoa msimamizi kwenye kiti. Ufunguo uko mkobani, mkoba uko palepale. Akakaa, akanyoosha gauni lake la kitenge, akakanyaga breki, akabonyeza kwa kidole kimoja.

Likanguruma.

Nyuma ya miti akina mama wa vyungu walikuwa wamesogea kutazama, na vile vigelegele vilivyotoka huko sijasikia hata kanisani Pasaka. Bosi alisema, "Subiri, subiri," akaiwasha mashine, likakataa. Akaizima, likawaka. Akawasha, akazima, akafurahia kuliko sisi, mpaka mgeni wake akamuuliza kama amekuja kuona duara au kuchezea gari.

Mara zote mbili zile za nyuma, detekta ilikuwemo. Betri iliyochoka ilikuwa inanong'ona, na mashine inapiga kelele juu yake. Tulitibu ugonjwa mmoja, wa pili ukabaki umejilaza miguuni kwangu. Na msimamizi alipokuwa anauchukua ufunguo alikuwa anautoa kwenye kelele na kuupeleka mbele, mfukoni mwake. Hayo tu. Suruali ilikuwa na mfuko, gauni halina. Baadaye fundi mmoja wa Katoro alitufundisha kwamba hata ufunguo ukizidiwa, unaugusisha kwenye kitufe chenyewe, kama unavyomgusisha mtoto ziwa, gari linauona. Lakini siku ile hatukulijua hilo, na nashukuru hatukulijua. Lingewaka kimyakimya tu, na wale wangebaki na imani yao.

Bosi alisimama mbele ya gari, akakohoa. "Dereva," akasema, "Jumatatu alfajiri usichelewe."

"Sichelewi. Na mashine ikiingia kwenye gari langu, bosi, inaingia imezimwa."

"Imezimwa," akaitika.

"Wabeja sana, ng'wanawane," nikamshukuru, na safari hii upole wake niliupenda.

Nikashika mlango wa nyuma nipande. Bosi akaniwahi, akaufunga, akanifungulia wa mbele. "Hapana, mayu. Hapa."

Ndivyo tulivyorudi Buseresere. Mjukuu wangu kwenye usukani, mimi mbele na redio pajani, na mwenye maduara mawili amekaa nyuma, magoti yamebanwa, amekumbatia mashine yake iliyozimwa. Salamu zilikuwa zimebaki za mwishomwisho. Nikazisikia zote, jina baada ya jina, hakuna hata moja lililonipotea.